Pini za Mama

Haya aliniapia shoga yangu mshonaji, ambaye mdomo wake haujui kupumzika. Mteja aling'ang'ania gauni la mshono wa marehemu mama wa shoga yangu, na mama alikufa bila kumfundisha. Basi akaenda kwenye kituo ambako mama alikuwa amehifadhi kumbukumbu zake kabla ya kufa, akavishwa kofia ya nyaya.

“Dada, utaona alichoona mama yako na kusikia alichosikia siku aliyoshona gauni la mshono huo,” mtaalamu alimwambia. “Haliongezeki hata neno.” Akazima taa, akatoka.

Ghafla mikono ikawa ya mama. Mkasi ulikula kitambaa, kwacha, kwacha. Midomo ilibana pini, kwani mama hakukata nguo bila pini mdomoni, wala hakusema lolote hadi amalize. Shoga yangu akajisikia mtoto tena.

Mara mkasi ukasimama. Nyuma yake, mtu akavuta pumzi.

“Usigeuke, mwanangu,” ikasema sauti ya mama, wazi kabisa.

Akaing'oa kofia. Chumba kilikuwa giza totoro. Mkasi haukusikika tena, lakini ile pumzi ilisikika.

Alitaka kupiga kelele, akashindwa. Midomo yake mwenyewe ilikuwa imebana pini saba, za baridi.