Umeniua Ili Nisife

Mtaa wa maduka ulikuwa umefurika watu, kila mmoja na haraka zake. Binti mmoja mshona mapazia alikuwa anapita chini ya ghorofa la vioo, gauni la zambarau limemkaa sawasawa, begani kabeba mapazia meupe ya mteja. Mtaani walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Mara, pwaa! Maji ya sabuni yakamwagikia mapazia.

"Wewe huko juu!" akafoka, wala hakuinua uso. "Huna macho?"

"Macho ninayo, dada! Yameona kitu kizuri, ndiyo maana mkono ukateleza!"

Wapita njia wakacheka. Kijana akashuka kwa kamba, miguu ikigusa kioo taratibu kama anatembea ukutani. Ovaroli la bluu, kofia ngumu, tabasamu hilo. Kazi yake ilikuwa kuosha madirisha ya maghorofa akining'inia nje, na wenzake walimwita Buibui.

"Nipe niyafue mwenyewe," akasema.

"Ufue lesi wewe? Utanirudishia matambara."

"Basi nipe namba ya simu, niwe naulizia hali."

"Hali ya mapazia au ya mwenye mapazia?"

"Nianze na mapazia. Haraka ya nini?"

Sindano akasonya, lakini namba akampa.

Wakapendana, tena kwelikweli. Jumapili walikaa benchi moja kanisani, na katikati ya wiki simu hazikuisha. "Laazizi, umekula?" "Nimekula, ila bila wewe chakula hakina chumvi." Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa hofu. Sindano akiwa mdogo, baba yake aliaga asubuhi akiwa mzima, jioni zikaletwa habari. Tangu hapo mtu wake akichelewa kidogo, yeye moyoni ameshamzika na matanga ameshaanua. Na Buibui akiwa kwenye kamba hashiki simu. Kwa sheria ya kazi yao, simu zote hubaki chini kwenye begi la msimamizi.

"Nimekupigia wee mpaka chaji imekata!"

"Mpenzi, nilikuwa juu."

"Na kama ungekuwa umeanguka?"

"Ningekuwa chini, si ningepokea?"

"Usinitanie, Buibui! Usinitanie kabisa!"

Kusali alisali, tena kwa machozi. Akisema amina, anainuka na kushika simu tena.

Siku moja Buibui akaingia kibandani alikoshonea Sindano akiwa anang'aa. "Tumepata lile jengo jipya la benki, refu kuliko yote mjini! Mzee msimamizi kanichagua mimi niwaongoze wenzangu!"

"Hongera, mpenzi," mdomo ukasema. Mkono ukasahau pasi juu ya lesi, harufu ya kuungua ikajaa chumba.

Hapa, mabinti, tegeni sikio. Hofu haiji imevaa matambara mkaifukuza. Inakuja imejipamba vizuri, inajiita mapenzi, nanyi mnaikaribisha kiti.

Buibui alipoondoka, Sindano akampigia msimamizi. "Shikamoo, mzee. Mchumba wangu anaona haya kukwambia, ana kizunguzungu. Juzi kaanguka nyumbani."

"Marahaba. Umefanya vizuri, binti yangu. Sitamwambia kama ni wewe."

Kwenye kazi ya kamba, neno kizunguzungu halina mjadala. Buibui akavuliwa mkanda wa kujifungia kamba, akapewa ufagio afagie ngazi. Akaapa kwamba yeye ni mzima. Mzee akamjibu, "Wote husema hivyo." Kilichomuuma zaidi ni wenzake. Walikuwa wakishikiana kamba kama ndugu, sasa hakuna aliyetaka kamba yake iguswe na Buibui. Na Sindano? Alilala usingizi mzito ambao hakuwa ameupata kwa muda mrefu.

Buibui akamganda mzee kwa maswali, mpaka mzee akachoka kuficha. Siku hiyohiyo kijana akasimama mlangoni kwa Sindano, ufagio bado mkononi.

"Ni wewe."

Sindano akaacha cherehani. "Nilitaka uwe hai, mpenzi wangu."

"Hai vipi? Wenzangu wananiangalia kama chungu chenye ufa. Ningekuwa nimekosa ningetubu, lakini nimekosa nini? Umeniua ili nisife. Usinipigie tena."

Sindano akapiga. Simu ikaita, ikakatwa. Akapiga tena, ikawa imezimwa.

Mama Mchungaji wa kanisani kwao alipofuata mapazia yake alimkuta macho yamevimba. Sindano akamweleza yote, hakuficha. "Na kusali nasali, mama. Mungu hanisikii tu."

"Hebu nikuulize wewe fundi. Mteja akikukabidhi kitambaa, lakini upande mmoja kakishikilia hataki kuachia, utashona?"

"Nitashona vipi? Si nitamkata vidole!"

"Ndivyo unavyosali, mwanangu."

Sindano akainamisha kichwa. "Na akianguka kweli, mama? Akaniacha kama baba?"

Mama Mchungaji hakumdanganya. "Sijui. Mungu hakuniambia kwamba hatutalia. Ninachojua, sijawahi kulia nikamkosa. Mwachie mtu wako mikononi mwake." Akachukua mapazia yake, akageuka mlangoni. "Lakini ule uongo usimtupie Mungu. Umeushona mwenyewe, kaufumue mwenyewe."

Asubuhi Sindano akaenda mahali wanapofungia kamba. Wanaume wote walikuwepo, na Buibui kando yao anafagia. Alitamani kurudi. Akaomba kimoyomoyo, akakohoa.

"Nilisema uongo. Hana kizunguzungu, hajawahi kuanguka. Ni hofu yangu."

Mmoja wao akasema, "Shemeji, hata wake zetu wanaogopa, lakini hawajatutafutia ufagio!" Wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Alimkaripia Sindano mpaka jasho likamtoka, ndipo akampeleka Buibui kwa daktari, akapimwa, akarudishiwa mkanda. Uongozi lakini ulikuwa umeshapewa mwingine, na haukurudi. Buibui hakumtazama Sindano hata kidogo.

Siku ya kuanza jengo la benki, Sindano akaenda mwenyewe, akasimama ng'ambo ya barabara. Akainua uso. Tangu wajuane hakuwa amethubutu kumwangalia akiwa juu. Alionekana mdogo kama mdudu kiooni. Upepo ukatikisa kamba.

"Bwana, ni wako," akanong'ona. "Alikuwa wako kabla sijamjua. Mimi naachia."

Hofu haikukimbia, lakini simu ilikaa mkobani. Akaendelea kutazama, dirisha hadi dirisha, mpaka kijana akakanyaga chini, akavua kofia, akamwona. Akavuka barabara polepole.

"Umefuata nini?"

"Kukuangalia."

"Umeangalia?"

"Mpaka shingo inaniuma."

Buibui alijaribu kununa, ikashindikana. "Unafikiri mimi siogopi? Kila nikitoa mguu ukingoni magoti yanacheza ngoma. Naomba, ndipo natoka. Mzee hampandishi mtu asiyeogopa, anasema huyo hufunga fundo ovyo."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ungelala?"

Sindano akacheka huku machozi yanamtiririka. "Nisamehe, Buibui."

"Nimeshasamehe. Nilikuwa nangoja hasira iishe." Akamfuta shavu kwa kiganja kigumu chenye harufu ya sabuni. "Kesho napanda tena, na kesho kutwa. Utaweza?"

"Kesho sijaiona. Leo nimeweza."

"Hiyo leo inanitosha kuoa. Nije lini kuzungumza na mama yako?"

"Njoo Jumapili, baada ya ibada. Ila nakuonya mapema, mama anaogopa kuliko mimi."

"Si neno," akasema Buibui, akamshika mkono wavuke. "Tutakuwa waoga watatu, tutapiga magoti pamoja."