Kwenye Fomu Aliandika "Hakuna"

"Kiungo hiki nimekikataa. Kata, saga, chomelea upya."

Mkaguzi alisema hivyo bila kuondoa macho kwenye picha ya eksirei. Fundi akavua kofia ya kuchomelea, jasho linamchuruzika mpaka shingoni.

"Kina nini tena?"

"Kina kivuli."

"Hicho ni kivuli cha kucha yako, dada."

Karakana nzima ikacheka. Yule dada walishamwita Bi Kataa zamani.

Hapo walikuwa wanaunda chombo cha kuzunguka sayari, kuanzia Mirihi mpaka Zohali. Injini yake inabana atomi mpaka zinaungana, moto wa jua kabisa. Moto huo hakuna chuma kinachouweza, unashikiliwa na sumaku zilizopangwa kwenye pete kubwa kama nyumba. Fundi ndiye anayeunga vipande vya pete. Mkaguzi anapitisha au anakataa.

Sasa kitu ambacho hakuna aliyejua: Jumapili iliyopita hawa wawili walikuwa dukani wanabishania rangi ya kochi. Wana miaka miwili kwenye mapenzi. Wanaficha, maana sheria ya kazi inasema mkaguzi hakagui kazi ya ndugu, mume wala mpenzi.

Mchana Fundi akaenda ofisini kutazama fomu, ajue akate wapi. Juu kabisa kulikuwa na mstari: Uhusiano na fundi. Mbele yake, mwandiko anaoujua vizuri: Hakuna.

Akatoa simu, akamwandikia Mkaguzi.

"Leo nimesoma fomu yako. Kumbe mimi ni Hakuna."

"Babe usianze. Sababu unaijua."

"Mama anakuja kuwaona wazazi wako Jumamosi. Nimwambie anakuja kumposea Hakuna?"

Wakakutana kwenye ngazi za nyuma.

"Nikisema wananitoa kwenye pete," Mkaguzi alisema. "Miaka minne nimeikalia."

"Na mimi miwili tunapishana getini kama hatujuani."

"Subiri kirushwe. Wiki tatu tu."

"Mwaka jana ulisema tusubiri pete ifungwe. Kikirushwa utasema tusubiri kifike Zohali."

Mkaguzi akageuka arudi kazini.

"Mwisho Ijumaa," Fundi akasema. "Kama siandikiki, niambie. Mama asifunge safari bure."

Alhamisi jioni simu ya Mkaguzi ikaita. Mama yake Fundi.

"Mwanangu, huyu mtoto hali. Kijiko anakizungusha tu. Mmegombana?"

"Kidogo, Mama."

"Kuna mwanamke mwingine?"

"Hapana. Ni fomu."

"Fomu ya nini?"

"Ya kazini, Mama."

"Sasa si uijaze, mwanangu?"

Ijumaa saa mbili asubuhi Mkaguzi akasimama mbele ya Injinia Mkuu, mama mmoja wa maneno machache.

"Bosi, fundi wa pete ni mchumba wangu. Miaka miwili sasa."

Injinia akavua miwani. "Na fomu zote ulizojaza?"

"Nilidanganya."

"Weka kitambulisho mezani."

Habari ikafika karakana kabla yake. Fundi akamkuta getini.

"Mbona hukuniambia unaenda?"

"Ungenizuia."

"Ningekuzuia, ndiyo."

Mkaguzi mwingine akaletwa. Siku tisa anapiga eksirei upya viungo vyote vya Fundi, na safari ya Mama ikasogezwa mbele. Kikipatikana kibovu kimoja tu kilichopitishwa, wote wawili hawana kazi, na kila mtu atasema mapenzi ndiyo yaliyokipitisha. Fundi akawa hali kweli kweli.

Siku ya kumi wakaitwa.

"Ulivyovipitisha vyote ni vizima," Injinia alisema.

Wakashusha pumzi.

"Tatizo ni ulivyovikataa. Picha tunazo. Kati ya viungo kumi na moja ulivyomkatalia, tisa havikuwa na kosa lolote."

Fundi akageuka taratibu. "Tisa?"

"Niliogopa kumpendelea," Mkaguzi akasema, sauti chini.

"Ukamwonea," Injinia akajibu. "Kwenye pete hurudi. Nakupa onyo la maandishi, utakagua matangi, huko yeye hachomelei. Tokeni."

Kwenye korido Fundi alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Siku niliyokesha mpaka mikono ikafa ganzi, ukanikanda na maji ya moto. Kile kilikuwa kizima?"

"Nadhani."

"Na ukanikanda huku unajua?"

"Sikujua, babe. Ila nilikukanda vizuri."

Fundi akajaribu kununa, kicheko kikamshinda, akaegemea ukuta. Walipoingia karakana simu yake ikaita.

"Mwanangu, nifunge safari au nisifunge?"

Mkaguzi akamnyang'anya simu, akaweka spika. Mafundi wote wakaacha nyundo.

"Funga, Mama. Ni mimi mkwe wako, naongea mbele ya watu wote wa kazini. Na mwanao nina radhi tisa za kumwomba, uje uwe shahidi."

"Tisa? Umemfanya nini?"

"Uje kwanza, Mama," Fundi akadakia. "Hii haielezeki kwa simu."