Bingwa wa Beseni

Katika mji ule mdogo wa pwani, ambao watalii walikuwa bado hawajaugundua, salamu ziliamka kabla ya watu. Kila asubuhi kinyozi alimsalimu mwokaji mikate, mwokaji akamsalimu mama mwenye nyumba, na mama mwenye nyumba akagonga dirisha la wageni wake. "Hodi! Mmeamkaje? Mkate huu hapa, bado wa moto!" Wageni wenyewe walikuwa fundi umeme, mkewe na binti yao, waliokuja likizo. Kabla hawajamaliza kufungua mizigo, mtaa ulikwisha kuwaita "watu wetu."

Ukarimu huo ndio uliomponza binti. Watoto wa mtaa walipomwuliza kama anajua kuogelea, alikumbuka kwamba ugenini hakuna wa kukukanusha. Akajibu kwa unyenyekevu mkubwa, "Kwetu mimi ni bingwa." Kusema kweli, maji mengi kuliko yote aliyowahi kuingia yalikuwa ya beseni, na humo alitolewa akilia.

Binti wa mwokaji, nahodha wa timu ya mtaa, alimsajili papo hapo kwa mashindano ya Jumapili ya kuogelea hadi kwenye boya. Tangu hapo bingwa akawa mgonjwa kila saa ya mazoezi. Leo sikio, kesho goti, keshokutwa maradhi ambayo madaktari bado hawajayapa jina.

Jumapili ikafika bila huruma. Mji mzima ulijaa ufukweni. Binti alikuwa amesimama kwenye gati pale mtoto wa kinyozi, mdogo kuliko wote katika timu, alipomshika mkono.

"Dada, baba alinikatalia kushindana," alinong'ona. "Huwa nachoka katikati. Nikamwambia upo wewe, utanishika. Ndipo akakubali."

Binti alimtazama yule mtoto, akayatazama maji. Aibu aliyoikimbia siku zote ikawa ndogo ghafla.

"Usiingie!" alisema. Kisha akapaza sauti, "Sijui kuogelea. Nilidanganya."

"Hata kidogo?" nahodha aliuliza.

"Hata kidogo."

"Na lile sikio?"

"Zima."

"Na goti?"

"Zima pia."

"Kumbe! Bingwa kweli wewe, ila wa uongo!" nahodha alifoka. Bila yeye na mtoto wa kinyozi timu ilipungukiwa na watu, ikabidi ijitoe. Nahodha akalia, na binti naye akalia.

Kinyozi alimkumbatia mwanawe. Kisha akakunja suruali. "Haya, bahari ina chumvi ya kutosha, msiiongeze. Mgeni wetu aondoke hajui kuogelea? Tutauweka wapi uso?"

Mashindano yalipokwisha, mji ukaingia kazini. Mwokaji alimshika binti mgongo majini, na mama mwenye nyumba akaelekeza kutoka nchi kavu, "Piga maji, mwanangu, usimpige mwokaji!" Mwishowe binti akaelea, kwa muda wa chafya moja tu, na ufukwe mzima ukashangilia.

Baba yake alimfunika taulo. "Ulidhani watapenda bingwa. Ona wangapi wameloa kwa ajili ya mtu asiyejua kitu! Mwanangu, uongo wako ungemzamisha mtoto wa watu. Ukweli umekuaibisha, lakini umemwokoa, na umekupa walimu. Sasa nenda kamwombe mwenzako msamaha."

Binti alimwendea nahodha, ambaye bado alikuwa amenuna. "Nisamehe, mwenzangu."

Nahodha alishusha pumzi, akaingia majini.

"Njoo. Na safari hii ukinywa maji, usimalize yote."