Mpaka wa Chaki

Katika karakana ya Randa na Sponji, redio iliwashwa mlango ulipofunguliwa na kuzimwa mlango ulipofungwa. Ilining'inia kwenye msumari juu ya benchi, imevaa vumbi la mbao kama kofia.

Randa ndiye kaka. Kazi yake ni mbao. Hupima, hukata, hulainisha, kisha huunga fremu za makochi. Sponji ni mdogo wake. Yeye huzivisha fremu hizo. Hukata sponji, hushona kitambaa, hupigilia misumari midogo. Majina yao halisi watu walikwisha kuyasahau. Walichojua ni kwamba kochi la hapo halikamiliki bila mikono ya wote wawili.

Ndugu hawa walipenda sana taarifa ya habari. Waliokota humo maneno makubwa na kuyarusha kama watoto warushavyo mawe. Nyundo ikichukuliwa bila ruhusa, Randa alipiga kelele, "Huu ni uvamizi!" Sponji akichelewa kurudi kazini, aliambiwa amevunja sheria za kimataifa. Walicheka, kazi ikaendelea.

Juma hilo walikuwa na kazi ya furaha. Binti wa Randa alikuwa anaolewa, na Jumamosi angehamia nyumba yake. Aliomba zawadi moja tu.

"Sitaki kochi la dukani," alisema. "Nataka la baba na baba mdogo. Nikilikalia, nijue nimekaa nyumbani."

Sponji akachagua kitambaa cheupe kama maziwa. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kila alipokitandaza, vumbi la mbao lilitua juu yake. Alikikung'uta. Likatua tena.

"Kaka, hamia kule nyuma na msumeno wako!"

"Nyuma kuna giza. Mstari wa penseli nitauonaje? Mwanga uko hapa mlangoni."

"Kitambaa cha mwanao kinageuka rangi ya mchwa!"

"Kifunike."

"Nikikifunika nitashonaje?"

"Kushona nako ni kazi? Hata kuku akipewa sindano atashona."

Sponji aliweka mkasi chini taratibu. "Sawa. Na fremu zako bila kitambaa changu zinafaa kufugia kuku haohao."

Akachukua chaki, akachora mstari katikati ya sakafu, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Huu ni mpaka. Ukivuka, umenivamia."

"Vizuri sana! Na mimi nakuwekea vikwazo. Gundi, nyundo na koleo viko kwangu. Hugusi kitu."

"Basi nafunga ubalozi. Hata salamu usiniletee."

Mchana mama yao alileta chakula. Alitazama huku, akatazama kule, akaweka chungu juu ya mstari.

"Mama, wewe uko upande gani?" Randa aliuliza.

"Niko upande wa chungu. Mwenye njaa asogee."

Walisogea, wakapakua, kila mmoja akarudi kula kwake.

Jioni binti akaja kuangalia kochi lake. Fremu ilikuwa uchi upande mmoja. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa upande wa pili. Aliketi sakafuni, macho yamemjaa machozi.

"Kwa hiyo Jumamosi wageni wangu watakaa juu ya mpaka?"

Binti akaondoka, akaenda moja kwa moja kwa Bi Habari.

Bi Habari alikuwa jirani yao. Alisoma taarifa ya habari redioni mpaka alipostaafu, na sauti yake bado ilimfanya mtu anyamaze. Asubuhi iliyofuata alisimama mlangoni pamoja na binti.

"Nasikia nchi mbili zimezaliwa katika karakana moja," alisema, "na habari yake sijaisoma mimi!"

"Karibu, Bi Habari," alisema Randa kwa haya. "Mambo yametulia. Tumesitisha mapigano. Leo hakuna aliyemtukana mwenzake."

"Vyema. Na kochi limeshonwa?"

"Bado."

"Unaona? Kusitisha mapigano ni kunyamazisha bunduki tu. Kilichowagombanisha bado kipo, na bunduki zaweza kulia tena kesho. Amani inahitaji mkataba. Pande zote mbili zinakaa, zinazungumza, zinakubaliana, kisha kila upande unatimiza ahadi yake."

"Lakini vikwazo ni haki yangu," Randa alishikilia.

"Vikwazo ni nchi kuinyima nyingine biashara au vifaa ili ibadili mwenendo wake. Umemnyima mdogo wako gundi. Amebadilika?"

"Huyu? Kichwa chake ni mpingo!"

"Na wewe umepata nini?"

Randa aliitazama fremu yake tupu.

"Vikwazo hukata huku na huku," alisema Bi Habari. "Mara nyingi anayeumia zaidi ni yule asiyekuwemo kwenye ugomvi."

Wote wawili walimtazama binti. Sponji akainamisha kichwa.

"Basi tuamulie, Bi Habari. Nani ana haki?"

"Mwenye kuamua ni hakimu. Mimi ni mpatanishi. Nawakalisha mzungumze, wala siegemei upande wowote, kama mama yenu jana."

"Mama aliegemea chungu," Sponji alinong'ona. Binti akacheka bila kutaka.

Bi Habari akavuta kigoda, akaketi juu ya mstari. "Haya. Randa, unataka nini?"

"Sihami mlangoni!"

"Huo ni msimamo. Sasa niambie, kwa nini huhami?"

"Nataka mwanga. Bila mwanga nakata mbao upogo."

"Mwanga ndio maslahi yako. Msimamo ni lile unalong'ang'ania. Maslahi ni lile unalolihitaji hasa. Sponji?"

"Ahame!"

"Msimamo huo. Kwa nini ahame?"

"Kitambaa kisiingie vumbi."

"Mmoja anahitaji mwanga, mwingine anahitaji usafi. Nani hapa anahitaji kitu cha mwenzake?"

Sponji alikuna kichwa.

"Kwa kweli," alisema polepole, "mimi mwanga wa mlangoni si lazima. Cherehani yangu ina taa yake. Naweza kuhamia nyuma mimi."

"Mbona hukusema jana?" Randa alishangaa.

"Uliniuliza? Uliniita kuku!"

Randa akaweka msumeno chini. "Lile neno nalifuta, mdogo wangu. Na lile turubai kuukuu tutalitundika katikati kama pazia. Nitanyunyiza maji kabla ya kufagia, vumbi lisiruke."

"Na mimi fremu zako nazitoa kwenye banda la kuku."

Lakini hakuna aliyenyanyuka. Gundi ilibaki huku, chaki ikabaki kule.

"Nikitangulia kuondoa vikwazo, ataniona mnyonge," Randa alinung'unika.

"Hata wakubwa wa dunia huogopa hilo," alisema Bi Habari. "Ndiyo maana hukubaliana kuanza kwa pamoja. Binti, hesabu!"

"Moja, mbili, tatu!"

Randa alinyoosha mkono wenye gundi. Wakati huohuo Sponji alifuta chaki kwa unyayo. Walipokutana katikati, kila mmoja alijifanya ana vumbi machoni.

Siku hiyohiyo walitundika turubai. Sponji akachukua penseli ya kaka yake, akaandika mkataba wao juu ya turubai:

*Pazia tumelifunga, vumbi lisitufikie,*
*Kaka mbao akichonga, mdogo ajishonee.*

Chini yake wote wawili wakatia sahihi.

Jumamosi kochi lilifika nyumbani kwa binti, jeupe, bila doa. Redio ya huko nayo ilikuwa inasema. Mtangazaji alitaja nchi mbili za mbali zilizositisha mapigano.

"Heri," alisema Randa, "lakini bado mkataba."

"Kwanza waulizwe kwa nini," Sponji aliongeza.

Bi Habari alitabasamu. Bi harusi alimshika mkono bibi yake, yule wa chungu, akamkalisha wa kwanza kwenye kochi jipya. Randa akakaa kulia kwake, Sponji akakaa kushoto.

"Haya, mama," Sponji alimchokoza, "leo uko upande gani?"

Mama alijisogeza, akajiegemeza, akafumba macho kwa raha.

"Katikati, mwanangu. Hapa ndipo ulipoweka sponji nyingi."