Mwito wa Pili

Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja kuigusa bahari Anezina Vardala alipopandisha kilima, ndoo ya chokaa mkononi, brashi ya mpini mrefu begani. Upande mmoja tu wa ua ndio uliokuwa haujapakwa. Kazi ya saa moja. Kesho yake asubuhi jeshi la Ugiriki lingekikabidhi kijiji ile jela yake ya zamani ya askari, na kijiji kilitaka kuipokea ikiwa nyeupe.

Mlangoni pa mgahawa wa kahawa mzee Thrasos alikuwa anakung'uta vitambaa vya meza.

"Paka vizuri, binti wa mtoro," alisema. "Baba'ko akichoka huko Australia atataka kurudi mahali pasafi."

"Nitapaka vizuri, mzee. Na chokaa ikibaki nitakuletea utie kwenye kahawa yako. Pengine itapata ladha."

Wazee wawili waliokuwa kwenye meza ya nje walicheka. Anezina hakucheka. Aliendelea kupanda.

Mtoro. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, na neno hilo lilikuwa na umri uleule.

Wiki iliyopita alilisoma kwa macho yake, chini ya jina Vardalas, ambalo kwa mwanamke husemwa Vardala. Kapteni Delivorias, kijana mpole aliyetumwa kusimamia makabidhiano, alimfungulia daftari kuu la jela mezani, akaona haya.

"Majina arobaini na moja ya waliofia hapa yatachongwa kwenye jiwe la kumbukumbu, dada Anezina. La baba yako limo daftarini. Lakini ona lilivyoandikwa. Askari Yakumis Vardalas. Ameitwa, hakuitika. Mtoro. Mtoro hawekwi kwenye jiwe."

"Nani aliandika?"

"Sajini Kutrulis. Ndiye aliyekuwa mkuu wa zamu."

"Hiki ni kisiwa, kapteni. Alitorokea wapi?"

"Sijui, dada. Mimi nasoma tu kilichoandikwa."

Anezina alijua na yale yasiyoandikwa. Zamani pale palikuwa ghala la baruti. Kisha jeshi likaweka nondo, likaanza kuleta wanajeshi wake lenyewe: aliyesinzia zamu, aliyempiga ofisa, aliyesema hapana. Walibebeshwa mawe kutoka ufukweni hadi kileleni, na siku ya pili wakayarudisha ufukweni. Baba yake alikuwa wa wale wa hapana. Mwaka 1949 kikosi chake kiliamriwa kuwafyatulia risasi wachimbaji wa mawe ya msasa, yale ya kunolea chuma, waliokuwa wamegoma. Yakumis aliweka bunduki chini. Wakaja kumfunga huku huku kisiwani kwao Skotinari, nusu saa kwa miguu kutoka nyumba aliyozaliwa, na mkewe mjamzito akawa anautazama moshi wa jiko la jela kila asubuhi.

Na alijua habari ya mwito.

Skotinari hakuna anayeitika mwito wa kwanza. Shangazi Moskula alimfundisha hivyo kabla hajajua kusoma. Wafu wasiotulia huja giza linapoingia, wakakuita kwa jina, lakini sauti yao ina nguvu ya mara moja tu. Hawawezi kurudia. Kwa hiyo ukiitwa, nyamaza. Mtu hai ataita tena. Ukiitika ule wa kwanza... siku ya tatu unazikwa.

Jeshini mambo ni kinyume. Jina huitwa mara moja, na asiyeitika hayupo. Vijana wa kisiwani waliofungwa mle walipigwa sana mpaka midomo yao ikajifunza. Ndiyo maana kijijini wengine walisema Yakumis alikuwepo siku ile, kasimama mstarini kanyamaza kwa ushamba wake, na sajini akamfuta. Wengine wakasema Australia. Mama yake Anezina alikufa bila kujua kama alipaswa kuvaa nguo za mjane au asivae.

Ua wa jela ulikuwa mtupu. Katikati, usawa wa ardhi, palikuwa na bamba la jiwe lililofunika birika la zamani la kukingia maji ya mvua. Birika hilo lilipasuka, likakauka, likasahauliwa. Anezina aliweka ndoo juu yake, akachovya brashi, akaanza.

Juu, chini. Juu, chini. Chokaa ilinukia ubaridi na unyevu, harufu ya siku za kuamkia Pasaka.

Jua likazama.

Alikuwa amebakiza hatua kumi za ukuta harufu ilipobadilika. Kwanza alidhani ni upepo. Kisha akaitambua: dawa ya viatu. Kahawa ya shayiri iliyoungua. Jasho la wanaume wengi waliolala chumba kimoja.

Nyuma yake, filimbi.

Moja. Fupi.

Brashi ilisimama ukutani. Akasikia buti. Si za mtu mmoja. Zilikuja mbiombio kutoka pande zote za ua, zikapita karibu naye kiasi cha kupeperusha pindo la gauni lake, zikajipanga. Kisha kimya. Akageuza shingo taratibu, hakuona mtu. Ua ulikuwa mtupu kama alivyoukuta.

Lakini chokaa mbichi ilikuwa inabonyea.

Mabega. Migongo. Visogo. Alama za watu walioegemezwa ukutani, mmoja baada ya mwingine, kwa urefu wote aliokwisha kupaka. Arobaini na... hakumaliza kuhesabu.

"Anagnostu."

Sauti ilitoka langoni. Kavu, ya mtu aliyezoea kusoma majina na si kutazama nyuso.

"Nipo," ukuta ukajibu.

"Avgeris."

"Nipo."

Anezina aliubana mpini wa brashi. Alijua jina linalofuata. Alilisoma daftarini kwa mpangilio huohuo, na chini yake neno moja lililomlea.

"Vardalas."

Kimya.

Bahari ilisikika chini kule, ikivuta changarawe.

Kimya...

Kisha mkwaruzo wa penseli kwenye karatasi.

"Ita tena," Anezina akasema.

Alikuwa amenong'ona, lakini mkwaruzo ulikoma. Langoni giza lilikuwa zito kuliko kwingine, na sasa lilisogea. Lilikuwa na kimo cha mtu. Lilikuwa na kofia.

"Jela hii jina huitwa mara moja," sauti ilisema.

"Kisiwa hiki huitwa mara mbili."

"Nani anazungumza mstarini?"

"Binti yake."

"Jina lako?"

Alifumbua mdomo, akaufumba. Giza likapiga hatua. Harufu ya dawa ya viatu ikazidi.

"Jina lako, mwanamke."

"La kwangu huna haja nalo," alisema. "Rudia la kwake. Mbona hurudii? Ulikuwa na miaka thelathini na sita ya kurudia."

Giza halikujibu. Hapo Anezina akaelewa. Woga wake ulikuwa bado umemshika, haukumwachia hata kidole, lakini hasira ilipanda ikaketi juu yake.

"Huwezi," alinong'ona. "Umekufa, Kutrulis. Huwezi kurudia."

Hakuwahi kulitamka jina la baba yake kwa sauti kubwa. Nyumbani lilisemwa kwa kuinamisha kichwa. Sasa alivuta pumzi hadi tumboni, akaliita kama wanawake wa pale wanavyowaita waume zao walioko ng'ambo ya bonde.

"Vardalas! Yakumis Vardalas!"

Sauti ikagonga kuta nne. Ikarudi. Ikafa.

Na chini ya ndoo ya chokaa, chini ya lile bamba la jiwe, mtu akasema polepole, kwa sauti ya aliyengoja zamu yake muda mrefu:

"Nipo."

Ndoo ilitetemeka. Buti zote za ukutani zikagonga ardhi kwa pamoja, mara moja, kishindo kilichompanda Anezina kutoka nyayo mpaka menoni. Halafu daftari lilifungwa, pap, kama mlango.

Ule weusi wa langoni haukuondoka mara moja. Ulisogea mpaka karibu na sikio lake.

"Anezina," uliita, ingawa jina hilo hakuwa amelitaja.

Hakuitika.

Aliinua ile brashi, akaichovya, akageukia ukuta. Juu, chini. Chokaa ilimrukia usoni, lakini alipaka. Alihisi pumzi isiyo na joto ikiganda kwenye shingo yake... ikaganda... Hakugeuka. Alipaka hatua zote kumi zilizobaki, na alipomaliza hapakuwa na mtu nyuma yake. Zile alama za migongo hakuzigusa.

*

Kesho yake Kapteni Delivorias alipofika na askari wake sita, padre na nusu ya kijiji, walimkuta Anezina amesimama juu ya bamba la birika, gauni lilelile, nywele zina chokaa.

"Dada Anezina, tafadhali shuka. Jiwe la kumbukumbu linawekwa hapo mbele."

"Litawekwa. Kwanza hapa pafunguliwe."

"Kuna nini?"

"Baba yangu."

Watu walinong'ona. Padre alikohoa. Kapteni alimsogelea, akashusha sauti. "Nani kakuambia?"

"Mwenyewe."

"Dada yangu, nina ratiba. Sina amri ya kuvunja kitu."

"Baba yangu alipewa amri, hakuitii. Wewe hujapewa, unaogopa nini?"

Kapteni alitazama ratiba mkononi mwake, kisha akautazama ukuta. Macho yake yalisafiri kutoka alama moja ya mgongo hadi nyingine. Aliitazama migongo ya askari wake sita, yote misafi, haina tone la chokaa. Aliikunja ile ratiba, akaitia mfukoni.

Aliyeleta mtaimbo ni mzee Thrasos. Alishuka mwenyewe hadi mgahawani na kurudi anahema.

"Sogea, binti wa..." alianza, akajikatiza. "Sogea, Anezina. Usije ukaumia mguu."

Bamba lilitoa sauti kama ya ng'ombe. Hewa ya miaka mingi ikapanda. Askari mmoja alishuka kwa kamba na tochi, na kwa muda walisikia tu kokoto zikivunjika chini ya viatu vyake. Kisha hata hizo zikanyamaza.

"Yuko mmoja," alisema kutoka chini. "Amekaa. Kaegemea ukuta." Halafu, kwa sauti ndogo: "Kapteni, ana mkanda usoni."

Ulikuwa mkanda wa ngozi wa jeshi. Ulipita chini ya taya, ukazunguka fuvu, ukafungwa utosini kwa bizimu ya shaba, tundu la mwisho kabisa. Kapteni aliupokea pamoja na fuvu lake, akausafisha kwa kidole gumba. Kwa ndani ilikuwepo namba iliyochomwa kwa moto.

"Mfungwa hakuruhusiwa mkanda," alisema, kana kwamba anajisomea. "Walivuliwa langoni, siku ya kwanza." Alifungua daftari, kurasa za mwisho, orodha ya walinzi. Kidole chake kiliteremka. Kilisimama.

"Kutrulis," Anezina alisema.

Kapteni aliitikia kwa kichwa. Sajini Kutrulis alikuwa amefia kitandani kwake Athens miaka mitatu iliyopita, amezungukwa na wanawe.

Basi hakunyamaza kwa ushamba. Yakumis aliitwa akiwa chini ya miguu yao, yu hai, na mdomo umefungwa asije akaitika. Mzee Thrasos alivua kofia, na baadaye kidogo wengine nao wakavua.

Jiwe la kumbukumbu halikuwekwa siku ile. Lilirudishwa kwa fundi, na lilipokuja tena lilikuwa na majina arobaini na mawili, Vardalas la tatu kutoka juu.

"Mkanda itabidi niuchukue," Kapteni alisema kabla ya kushuka bandarini. "Ni mali ya jeshi, dada."

"Mali ya jeshi ni daftari lenu. Lichukueni, mkalisahihishe. Huu ulikuwa kwenye taya ya baba yangu."

"Wataniuliza."

"Waambie anao Anezina Vardala. Mwenye namba ile akiutaka, aje."

Jioni Anezina aliiosha mifupa kwa divai nyekundu, kama ilivyo desturi ya huko, yeye na shangazi Moskula, beseni katikati yao. Shangazi alikuwa na miaka themanini na mbili, mikono yake haikutetemeka. Alilitwaa fuvu, akaisuuza taya kwa uangalifu, ikabaki mkononi mwake peke yake. Akaitazama sana.

"Unasema ulimwita, akaitika."

"Aliitika, shangazi. Nilimsikia kama ninavyokusikia wewe."

"Na mkanda ulikuwa bado umefungwa."

"Ndiyo."

"Tundu la mwisho."

"Ndiyo."

Shangazi aliilaza taya juu ya kitambaa cheupe, akainyoosha pembe zake.

"Sasa aliitika kwa mdomo gani?"

Walimzika Jumapili, kaburi moja na mkewe.

Ule mkanda ameutundika kwenye msumari, nje ya mlango wake, unaning'inia wazi. Wanaopita njia ile kwenda kwenye mizeituni huuona, na wengine huvuka upande wa pili. Kila asubuhi anapotoka huukuta umefungwa, bizimu kwenye tundu la mwisho, ngozi ina ujoto wa kitu kilichotoka kushikwa.

Kila asubuhi huufungua.