Nadhiri ya Mama, Mdomo wa Mtoto

Ndugu zangu wa Ufipa, na nyinyi mnaonisoma mkiwa mbali, nawaomba mnitegee sikio. Habari hii ni ya nyumba moja ya pale kijijini Pito, lakini msiharakishe kusema haiwahusu.

Ilikuwa nyumba ya amani. Alois na mkewe Bertilla walilima mahindi, maharage na ulezi, na ng'ombe wao wa kulimia walinenepa mpaka majirani wakatania kwamba wanalishwa ugali. Asubuhi za kipupwe, upepo unapokata masikio, Bertilla aliwasha moto uani, na mwanawe wa pekee, Fransiska, ambaye wote walimwita Siska, alijikunyata karibu naye akiimba nyimbo za kanisani na kukosea maneno. Bertilla alipenda makosa yale kuliko wimbo wenyewe. Alikuwa amempata mtoto huyo kwa taabu, baada ya ujauzito uliomlaza kitandani hadi watu wakaanza kumlilia. Alipojifungua salama, aliweka nadhiri mbele ya Mungu kwamba pombe haitagusa tena midomo yake.

Nadhiri njema kabisa, na aliishika. Ila kuipika pombe hakuacha. Pombe yake ya ulezi ilijulikana hadi mjini Sumbawanga, na kila Jumamosi ua wake ulijaa wanywaji. Sare za shule, mbolea, bati la nyumba, vyote vilitoka kwenye pipa lake la pombe.

Sasa, mnajua desturi yetu. Mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni ndipo awakabidhi kata ya kunywea, ili kila mtu aone kwamba haina sumu wala ubaya wowote. Asipoonja, mgeni hanywi hata kama koo limekauka. Miaka ya mwanzo wifi yake Bertilla ndiye aliyemwonjea. Wifi alipoolewa kule Kipili, Jumamosi ikafika, wanywaji wakaitazama kata, kisha wakamtazama Bertilla.

"Mama Siska, mbona huonji?" waliuliza.

"Jamani, mnaijua nadhiri yangu."

Mzee Teodori, mnywaji aliyekuwa na kigoda chake mwenyewe pale uani, alicheka. "Si huyo Siska yupo? Mtoto hana hila. Akionja yeye, mimi nakunywa nimefumba macho."

Siska hakuwa hata ameanza shule. Alionja, akakunja uso, akapiga chafya. Ua mzima ulivunjika mbavu. Mtu mmoja alimpa sarafu ya pipi, mwingine akambeba juu juu, na Teodori akampa cheo papo hapo: Bibi Mwonjaji. Bertilla naye alicheka. Moyo ulimdunda kidogo, hilo lazima niseme, lakini alijiambia kwamba funda moja haliwezi kumdhuru mtoto.

Nawauliza, wasomaji wangu: funda moja kwa kila kata, na kata ngapi kwa kila Jumamosi?

Siska alikua akijua jambo moja kwa hakika, kwamba akinywa, wakubwa wanafurahi. Akiyumba, wanapiga makofi. Akiimba kwa ulimi mzito, wanamwita aimbe tena. Nyimbo zilezile za kanisani! Hakuna aliyempongeza hivyo alipojua kusoma. Alipofika darasa la nne alikuwa akisinzia darasani, na siku za kati ya wiki alikuwa mkali kama nyuki.

"Mama Siska," Alois alimwambia mkewe asubuhi moja, "huyu mtoto mikono inamtetemeka."

"Baridi hiyo," Bertilla alijibu bila kugeuka.

Alois akaenda kufunga ng'ombe jembe. Naye alijua kwamba si baridi, lakini alijitia hamnazo.

Ikaja siku ya Komunyo ya Kwanza. Siska alikuwa amejiandaa mwaka mzima kwa katekista Polikarp, na Bertilla alimshonea gauni jeupe lenye kola ya lesi. Pombe ya sherehe ilikuwa imeiva. Asubuhi hiyo, kabla ya kumvalisha, Bertilla alichota kidogo akamwambia mwanawe, kama alivyozoea, "Hebu onja uniambie imekaaje." Kisha aliingia ndani kupiga pasi gauni. Siska alibaki na pipa peke yake.

Nje ya kanisa watoto walipangwa mstari. Siska alipepesuka, akakanyaga gauni la mwenzake, wote wawili wakaanguka vumbini. Polikarp alimwinua. Alipomwinamia karibu, uso wake ulibadilika.

"Fransiska, umekunywa nini?"

"Nilionja tu, mwalimu," Siska alisema, na akatabasamu. Alingoja mwalimu acheke, maana watu wote hucheka.

Polikarp hakucheka. Alimshika mkono akampeleka kwa Bertilla mbele ya waumini wote. "Mama, leo hawezi kupokea. Mpeleke akalale." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, bila ukali, "Mtoto huyu ananiambia alionja tu. Nani alimtuma aonje?"

Bertilla alimbeba mwanawe mgongoni, mtoto mkubwa vile, gauni jeupe likiwa na udongo mwekundu, na njia nzima alikuwa anahisi harufu ya pombe shingoni mwake. Ndipo alipoelewa kwamba kile alichomwahidi Mungu kwa mdomo wake, alikuwa amekivunja kwa mdomo wa mtoto. Alilia mpaka akashindwa kuona njia.

Wageni walifika mchana vilevile. Baadhi walikuwa wameanza kunong'onezana: mama gani huyu, hana haya. Lakini vigoda walivuta, na macho yalielekea kwenye pipa. Kwa mazoea tu, Mzee Teodori akaita, "Haya, Bibi Mwonjaji yuko wapi atuonjee?"

Bertilla alitoka ndani, akaweka kata katikati yao.

"Shikamooni wazee wangu. Mwonjaji amelala na ndoo pembeni, anatapika. Nilikosa mimi, nami nimeshakiri kwa Mungu. Lakini nyinyi mlicheka. Leo hapa hakuna wa kuwaonjea, na kuanzia leo mimi sipiki tena. Mwenye kiu aende akamwangalie mtoto kwanza, ndipo aje achote."

Hakuna aliyenyanyuka. Kutoka chumbani walimsikia Siska akilia kwa kichefuchefu. Kisha Mzee Teodori alisimama, akaingia ndani, akakaa huko kitambo. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Yeye na Alois walilishika pipa huku na huku wakalimwaga shimoni.

Msidhani mambo yalinyooka siku ileile. Siska aliwahi kufumaniwa akilamba machicha ya pombe kwa jirani. Alipiga mateke, alimtukana mama yake, na muuguzi wa zahanati alikuja mara kwa mara kumtazama. Nyumbani fedha zilipungua, chai ikanywewa kavu, mpaka Bertilla alipozoeleka sokoni kwa maandazi na togwa, kinywaji kitamu cha ulezi kisicholevya. Alois alianza kwenda na binti yake shambani, wakivuna ulezi na kuzungumza. Wapishi wengine wa Pito walikubaliana kwamba mtoto hasogei kwenye ua wa pombe. Na Mzee Teodori, ambaye pombe hakuiacha kabisa, kila jioni alipita kwanza kwa Alois ili Siska amsomee kitabu cha shule. Akisoma vizuri, mzee alipiga makofi mpaka mbwa wakabweka.

Mwaka uliofuata Siska alipokea Komunyo akiwa na gauni lilelile, limeteremshwa pindo. Uani hapakuwa na pipa, palikuwa na chungu cha togwa. Wageni walikaa wakingoja. Siska alinyoosha mkono aichukue kata, kwa mazoea ya zamani, lakini mama yake alimtangulia. Bertilla alichota, akanywa yeye kwanza mbele ya watu wote, akasubiri kidogo, ndipo akampa mwanawe.

FUNZO

Ndugu zangu, mtoto hukua kuelekea pale anaposhangiliwa. Wazazi wakinyamaza na majirani wakicheka, wote wamemlea, na mzigo ni wa wote. Tusimtume mtoto kubeba lile ambalo sisi wenyewe tumeliogopa. Na kama tumekwisha kukosea, tusiishie kuona haya: tuimwage pombe, tubadilishe tunachokishangilia, maana mtoto bado anatutazama usoni ajue kama amefanya vizuri.