Jagi la Marehemu Tranter

Rafiki yangu Clement, wa hapa Stourbridge, hukusanya vyombo vya kioo vilivyochongwa kabla ya vita. Siku moja, kwa mjane Tranter, alilipiga ukucha jagi alilolichonga marehemu mumewe. Likalia kama kengele, mlio wa kioo cha thamani. Haraka Clement akauzima mlio kwa kiganja.

"Hili limemiminwa kwenye kalibu tu, mama. Nikuondolee?"

"Chukua, mwanangu. Bahati yako Wilf wangu hayupo. Mwongo alikuwa hamwachi."

Nyumbani alilifungia kabatini. Humo gizani kukaanza mlio wa kusaga: jiwe la kuchongea likila kioo, maji yakidondoka, taratibu, taratibu. Alipofungua, kimya. Ubavuni mwa jagi palikuwa na mchongo mpya, bado umelowa: kiganja chake mwenyewe, kovu la kidole gumba likionekana, kimekatwa kwenye kifundo cha mkono.